Movie za Ireland na Scotland zilivyonitoa talaka moja mdomoni

Wakuu, salamu kwenu mlioko bara, visiwani, na sisi tuliojazana huku kwenye baridi.

Ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala jirani. Atakayesema ni chai aje Birmingham nimpeleke nyumba kwa nyumba.

Kuna uzi humu watu wanataja movie kali za Ireland, Scotland na ndugu zao wa Celtic. Nimeusoma wote. Mnasifia majumba ya mawe, wanaume wa sketi, majani ya kijani. Sawa. Mimi hizo movie zimeniumiza, ndiyo maana nimekuja kukaa pembeni na uzi wangu.

Kwanza mnijue. Mimi mtu wa Tanga, naendesha forklift kwenye godauni moja Aston. Tunakaa Shard End, mimi, mke wangu Mwanakombo wa Unguja, na binti yetu Salma wa miaka tisa. Mwanakombo ni carer, anazunguka majumbani kwa wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawapa dawa.

Na nikiri mapema, mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikirudi nikakuta viatu vimegeuzwa mlangoni nataka kujua nani kavigeuza.

Sasa twende.

Mke wangu tangu nimuoe ni mtu wa tamthilia za Kituruki. Baada ya Ramadhani iliyopita, siku moja nawasha TV, naangalia alichokuwa akitazama, nakuta Ireland tupu. Nashuka chini, Scotland. Nashuka tena, Ireland.

Nikafungua moja. Mzee yuko ufukweni na kondoo, mvua inanyesha, dakika nane hajasema neno. Nikajiuliza, Mwanakombo wa Unguja anatafuta nini hapa?

Nikimuuliza anasema, "Napenda tu." Huyu mwanamke kitu akikipenda anakueleza mpaka sikio linauma. "Napenda tu" si lugha yake.

Halafu kuna ile ya mwanamke wa baharini. Nadhani wengi mnaijua hiyo hadithi yao ya zamani: mwanamke anatoka majini, anavua ngozi yake, jamaa anaificha na kumuoa. Siku anayoiona ngozi anaondoka, anaacha mume na watoto. Sisi wa Pwani tunajua, huyo ni jini bahari, hakuna cha kujadili.

Nilimkuta Mwanakombo anaitazama huku analia.

Kichwani mwangu nikasema huyu analilia ngozi yake. Anataka kuondoka.

(Msinicheke. Ukishaanza kushuku hata kijiko kinakuwa ushahidi.)

Ikaja sasa ya simu. Niko koridoni, yeye yuko jikoni, mlango kaurudisha na simu iko kwenye spika. Namsikia anasema, kwa sauti laini ambayo mimi sijaisikia tangu fungate:

"Kunasa tatu?"

Upande wa pili sauti nzito, ya kukwaruza, ikajibu:

"Tamaa goma."

Mwanakombo akacheka, kile kicheko chake cha kufunika mdomo.

Wakuu, mimi Kiswahili nimezaliwa nacho. Kunasa, najua. Tatu, najua. Tamaa, hiyo ndiyo naijua zaidi. Hiyo "goma" sikuielewa, ila nilishaona hayo mengine yanatosha.

Kesho yake nikamweleza Abdi, Msomali wa Eastleigh tunayepiga naye shift. Hapo nilikosea, maana Abdi ukimwonyesha moshi yeye analeta petroli.

"Buda, hiyo ni code," akaniambia. "Kunasa tatu, si ni saa tatu? Kuna mtu ananaswa saa tatu. Na hizo movie, mwanamke haezi anza tu ku-watch wazungu from nowhere. Kuna mzungu hapo. Angalia day off yake."

Day off yake ni Alhamisi. Na nikakumbuka kwamba kila Alhamisi nikipiga simu asubuhi ananijibu yuko "njiani". Njiani kwenda wapi, na ni siku ya mapumziko?

Alhamisi ikafika. Nikawaambia kazini tumbo linaniuma. Salma kaenda shule. Mimi nikakaa chumbani kimya, Mwanakombo akidhani nimeshaondoka.

Saa tatu kasoro dakika tano nikasikia harufu ya udi. Nikatoka. Yuko mlangoni, buibui safi, begi begani.

Nikamuuliza, "Nani anakunasa saa tatu?"

Akanitazama. Akaangalia saa yake. Halafu akaanza kucheka, wakuu, akacheka mpaka akaegemea mlango. Alikuwa anacheka swali, na lilistahili. Mimi nikaona ananicheka mimi.

Nikatamka. "Mwanakombo, nimekupa talaka moja."

Kicheko kikakatika palepale. Akafunga zipu ya begi taratibu.

"Nimesikia," akasema. "Sasa n'pishe. Kuna mtu hajala."

Akatoka. Nikamfuata kama mjinga, sina hata koti. Basi hadi mjini, basi la pili hadi Moseley. Alikaa mbele, mimi nyuma, na hakugeuka hata mara moja.

Akabisha kwenye nyumba moja kubwa ya matofali mekundu. Akafungua mama wa kizungu wa miaka sitini hivi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mwanakombo akamwambia kwa Kiingereza, "Huyu ni baba Salma," akaishia hapo. Hakusema mume wangu. Nililisikia hilo.

Ndani kuna bibi kizee kwenye kiti, miaka tisini na kitu. Bi Nora. Mbele yake bakuli la uji, umeganda. Kafunga mdomo, kafumba na macho.

Mwanakombo akapiga magoti, akamshika mkono.

"Kunasa tatu, Nora?"

Yule bibi akafumbua macho. Kwa ile sauti nzito ya kukwaruza niliyodhani ni ya dume, akajibu, "Tamaa goma."

Akafungua mdomo. Akala.

Ni Kiirish, wakuu. "Hujambo?" "Sijambo." Basi, hakuna kingine.

Yule mama akanieleza tukiwa kwenye korido. Bi Nora ni mama yake, katoka Ireland akiwa msichana, kaishi Birmingham maisha yake yote. Kumbukumbu zilivyoanza kuondoka, Kiingereza nacho kikaondoka, kikabaki Kiirish cha utotoni. Na yeye bintiye hawezi kukiongea.

"Tukiwa wadogo alikuwa anatuongelesha," akasema. "Tunaelewa kidogo. Lakini tulikuwa tunamjibu kwa Kiingereza."

Nikamfikiria Salma. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza.

Kumbe Bi Nora ni mmoja wa wazee wa Mwanakombo kazini, na Mwanakombo alikuwa anaokota maneno kwenye movie. Anasimamisha, anaandika, anarudia. Za Scotland alizitazama kwa makosa, alidhani ni lugha ileile. Siku alipomsemesha bibi kwa ya Scotland, bibi alinuna mchana kutwa. Na akiwa nyumbani, bibi akigoma kula, bintiye anapiga simu, Mwanakombo anamsalimia kwenye spika, na Alhamisi, japo ni mapumziko, anakwenda mwenyewe.

Kwa nini hakuniambia? Nilimuuliza tukiwa kituo cha basi, tukisubiri kurudi.

"Mwaka jana nilikuhadithia habari ya mzee mmoja," akasema. "Ukan'ambia nsilete wazee wa watu ndani ya nyumba yako. Nkaacha kukuhadithia."

Ni kweli nilisema. Hata sikukumbuka mpaka aliponikumbusha.

Nikamuuliza, na ile ya mwanamke wa baharini, ulilia nini? Akanijibu Bi Nora huwa anaimba wimbo uliomo mle ndani, na sasa anausahau kipande kwa kipande.

Jioni nikamwuliza Salma kama anajua "kunasa tatu". Hakuinua hata macho kwenye homework. "It's Irish, Dad. Mama practises on me. Why didn't you just ask?"

Nikaenda kwa sheikh. Nikajitetea kwamba nilikuwa na hasira, kwamba nilisikia vibaya. Akaniuliza kama nilitamka kwa akili yangu, nikasema ndiyo. Akasema, "Basi imehesabika. Zimebaki mbili. Mrejee mkeo, na uchunge ulimi."

Nikarudi nyumbani, nikamkuta anakunja nguo, nikamwambia, "Mwanakombo, nimekurejea."

Akaendelea kukunja mpaka nguo zikaisha.

"Wewe umen'rejea," akasema. "Mie bado sijarudi."

Ni mwezi wa pili sasa. Kisheria ni mke wangu. Chakula napikiwa, salamu najibiwa, analala chumba cha Salma. Simu akiongea mlango anauacha wazi kabisa, makusudi, nisikie kila neno. Hilo ndilo linaniumiza kuliko kama angeufunga.

Nilichojifunza ni kidogo. Swali lilikuwepo tangu siku ya kwanza ya TV, na nilikuwa na mdomo wa kuliuliza. Nikaenda kuliuliza kwa Abdi.

Wenye ndoa zenu, mlioachika, mlioachana, mashekhe, wote karibuni mseme. Matusi pia nitayasoma, nimeyachuma mwenyewe. Na mnaozijua movie za Ireland, tajeni moja ambayo mume anakosea na mke anarudi. Nimetazama kumi na moja mpaka sasa, peke yangu. Sijaiona.