Taulo Zilizoanikwa Kwenye Manyara

Mtu anayehama kazi kila msimu hukutana na wapumbavu wengi. Mimi niliwakuta Mang'ola kwenye vitunguu, nikawakuta Rhotia kwenye maharage. Lakini hakuna aliyenichosha kama meneja wa yadi moja ya magari ya watalii pale Karatu, mtu aliyekuwa akinusa taulo.

Shule niliiacha darasa la sita, nikiwa nimechoka kufundishwa mambo ambayo hata mwalimu mwenyewe hakuwahi kuyaona. Tangu hapo nimejifunza kwa kwenda mahali na kuuliza maswali mpaka nifukuzwe. Pale yadi nilikuwa mwosha magari.

Lami ilikuwa imefika Karatu si muda mrefu, na matajiri wa utalii wakaanza kununua magari ya rangi za ajabu. Anayeijua njia ya kushuka kreta, lile bonde la wanyama, hanunui gari jeusi. Vumbi la kule ni jekundu na lina mchanga ndani yake. Kwenye rangi ya krimu linajificha, kwenye nyeusi linakaa kama upele. Tajiri wetu, aliyekuwa anaishi Arusha, alinunua Landkruza nyeusi, akaipenda kuliko watoto wake. Kila alipokuja kututembelea, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinama na kutazama boneti kwa ubavu, jua likiwa upande wa pili.

Meneja alikuwa mtu wa Moshi, na Karatu aliichukia waziwazi. "Mimi hapa napita tu," alikuwa akisema huku anafuta viatu, na alivifuta kila alipovuka yadi. Tajiri alikuwa amemdokeza kwamba Arusha kutahitajika mtu wa kusimamia yadi zote, na kwamba atakuja kuona hii ya Karatu inavyotunzwa. Basi, tangu siku hiyo hatukupumua.

Meneja alikwenda semina ya kutunza magari Nairobi, akarudi na boksi la taulo za maikrofaiba. Bluu za bodi, njano za vioo, kijivu za rimu. Akatupanga mstari kama wanafunzi, akatusomesha: zifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji, msitie sabuni ya unga, msitie dawa ya kulainisha nguo, zisichanganywe na matambara ya pamba, maana zinashika kila uchafu unaopita. Hayo yote yalikuwa kweli, na sitamnyima haki yake. Mimi hata nilifurahi. Niliazima darubini ya dereva mmoja, nikaigeuza nikachungulia upande wa nyuma, na taulo ikaonekana kama shamba la ngano lililopasuliwa kila suke. Nikaelewa kwa nini inazoa vumbi. Madereva walinicheka.

"Dogo anatafuta simba kwenye taulo!"

"Akimwona atuite, wageni wangu leo hawakuona hata mkia."

Semina ilimfundisha kufua. Kuanika hakufundishwa, au alikuwa amelala. Tulikuwa na waya mrefu katikati ya yadi, jua na upepo vinapita vizuri. Meneja akauondoa.

"Wageni wanaingia hapa na kamera, nyie mmeanika kama bwenini. Ni aibu. Anikeni nyuma, kwenye ua."

Ua wa nyuma ulikuwa wa manyara. Asiyeijua manyara, ni mmea wa kijani usio na majani ya kuonekana, vijiti vitupu, na ukivunja kijiti kimoja unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Mtoto yeyote wa huku anajua kwamba utomvu huo ukiingia jichoni utalia usiku kucha, na ukidondokea nguo unaganda kama gundi. Mama aliyekuwa akifua taulo, mwenyeji wa Rhotia mwenye mdomo mkali, alimwambia palepale.

"Meneja, manyara ina maziwa."

"Maziwa kanywee chai kwako, mama."

"Haya, baba. Tutakunywa."

Akaanika. Hakuna aliyebishana zaidi. Ua ulikuwa karibu na bomba, na waya ulikuwa unataka vibanio.

Taulo zikaanza kurudi na vidonge vidogo, vidogo kuliko dengu, vimejificha ndani ya manyoya. Utomvu ukigandana na vumbi la yadi unakuwa kitu kigumu cha kahawia, nusu gundi nusu mchanga. Mimi nilivipenda. Nikiwa sina kazi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikavinyofoa kwa kucha kimoja kimoja, nikavikusanya kuwa kigololi. Nilitaka kujua kama kitadunda, kama kitawaka moto. Kilidunda kidogo. Kilipowaka kilitoa moshi mweusi wenye harufu mbaya sana. Kwa mchezo huo taulo zilikuwa zinasafishika, ingawa si kwamba nilikuwa nawaza gari la mtu.

Meneja akanikuta.

"Unachezea vifaa vya kampuni?"

"Natoa hivi vidonge."

"Nani kakutuma? Kuanzia leo usiguse kabati la taulo. Ukaguzi nafanya mwenyewe."

Na kweli alifanya. Kila asubuhi alifungua kabati, zikiwa zimekunjwa vizuri rangi kwa rangi, akachukua moja kwa vidole viwili asichafue shati lake jeupe, akainusa. "Taulo safi hainuki," alitangaza, akarudisha. Hakukunjua hata moja. Hakupitisha mgongo wa mkono wala kuiinua juani, vitu ambavyo hata mama wa kawaida huvifanya kwa nepi ya mtoto. Alinusa. Nilimtazama akinusa wiki nzima, nikawaza kwamba mbwa angefanya kazi ile kwa umakini zaidi na asingehitaji mshahara.

Tajiri akaja. Gari alilokuja nalo, lile jeusi, lilikuwa na vumbi la njiani. Tukaliosha, tukalimwagia maji safi, na ilipofika zamu ya kukausha meneja akatuzuia wote. Alitaka aonekane yeye.

"Mzee, hii ndiyo teknolojia niliyoileta. Na kila taulo naikagua kwa mkono wangu."

"Kwa pua," mama akasema chini kwa chini, akiwa amesimama na beseni lake.

Meneja akachukua taulo ya bluu ya juu kabisa, akaiweka kwenye boneti, akaanza kuizungusha, mkono mmoja mfukoni. Kukasikika sauti ndogo, kama panya anatafuna karatasi. Mimi nilisikia, madereva wakasikia. Yeye alikuwa anaeleza kuhusu Nairobi. Sauti ilipozidi, akakandamiza zaidi.

Alipoinua mkono, tajiri akainama kama kawaida yake, jicho usawa wa boneti. Kulikuwa na duara juu ya duara, nyeupe kwenye ule weusi, kama mtoto alikuwa anajifunza kuandika sifuri.

Tajiri hakupaza sauti. Aliichukua taulo, akaikunjua, akapapasa, akabana kidonge kimoja kati ya vidole.

"Hiki ni nini?"

Meneja akatutazama sisi.

"Ni maziwa, baba," mama akamwambia tajiri kwa heshima zote. "Ya manyara. Meneja alisema waya ni aibu."

Tajiri akapitisha kidole kwenye yale maduara mara moja tu. "Nilikuwa nimekuja tuzungumze habari za Arusha," alimwambia meneja. "Tutazungumza hii alama ikitoka." Akaondoka na gari likiwa bado na maji mlangoni.

Alama haikutoka. Huko Arusha walijaribu nta, wakajaribu polishi ya aina tatu, tukasikia hata fundi wa rangi wa huko alitikisa kichwa.

Waya ulirudishwa siku ileile. Siku iliyofuata meneja alinijia pale kwenye ndoo, rundo la taulo mkononi, sauti imepungua.

"Kijana, vile vidonge ulikuwa unavitoaje?"

"Kwa kucha, meneja."

Akapindua ndoo nyingine, akakaa, shati jeupe na yote. Akashika kidonge, akavuta kwa hasira. Kikatoka, na manyoya ya taulo yakatoka nacho, pakabaki upara wa ukubwa wa sarafu. Akavuta kingine. Upara mwingine. Hakuniuliza kama anavuta sawasawa, nami sikumwambia. Alivuta mpaka mchana, taulo moja baada ya nyingine, akizipanga vizuri rangi kwa rangi.

Wiki ile ile nilipanda lori la kwenda Digodigo. Niliambiwa kule kuna mifereji inayopandisha maji mlimani, nikataka kuiona.