Shamba Lililosafishwa kwa Ajili ya Mgeni

Walimwita Pampu, na hakuna aliyemwonea. Pampu ya mgongoni, ya lita kumi na sita, ilikaa chumbani, miguuni pa kitanda, na mkewe alishazoea kulala kwenye harufu ya duka la pembejeo. Kila Ijumaa, wadudu wawepo wasiwepo, Pampu alipiga dawa. Ukimuuliza anaua nini, anakujibu, "Nawatisha." Miaka kumi na moja anawatisha vidukari, na miaka kumi na moja vidukari wanazaana kwenye nyanya zake kana kwamba kawatumia kadi ya mwaliko.

Basi ukaja mradi wa kuhifadhi bonde. Masharti hayakuhitaji shahada: acha ukingo wa maua kando ya shamba, kagua majani kabla ya kushika dawa, na ukizidiwa, piga pale palipozidiwa tu. Mkulima atakayekutwa na wadudu marafiki, wale wanaokula vidukari, atafungiwa mipira ya kumwagilia kwa matone.

Mkewe aliitaka mipira hiyo kuliko nguo mpya. Bega lake la kulia lilishashuka kwa ndoo za maji ya mtoni.

"Baba watoto, mwezi mmoja tu. Usiliguse hilo dude."

"Mwezi kitu gani?"

Wiki tatu alivumilia, mikono ikimwasha kama mvuta sigara aliyenyang'anywa kiberiti. Wadudu wekundu wenye madoa meusi wakaanza kutembea juu ya majani, na mkewe akawa anawahesabu kila jioni kama wajukuu.

Ikafika siku ya ukaguzi. Mwenye akili angekaa akanywa chai yake. Pampu alimwona mkewe akifagia uwanja kwa ajili ya mgeni, kisha akatupa jicho shambani: wadudu kila jani! Aibu gani hii? Mkewe alipoenda mtoni, akabeba pampu, akapuliza mistari yote. Ukingo wa maua akaupiga mara mbili, kwa heshima ya mgeni.

Saa tatu bibi shamba wa mradi akafika. Akainama, akageuza jani, akageuza la pili.

"Pasafi, eh?" Pampu akatabasamu. "Hata nyuki humwoni."

"Namwona. Huyu hapa, kafa."

Mkewe alikuja na kikombe cha chai, akanusa hewa, akasimama.

"Umefanya nini?"

"Mgeni anakuja, nimwonyeshe uchafu?"

"Huo uchafu ndio aliokuja kuuona, kichwa maji wewe!"

Bibi shamba alifunga daftari taratibu. "Mama, pole. Leo siwezi kupitisha. Nitarudi baada ya wiki sita, na nikikuta harufu hii tena, nawafuta."

"Kwenye daftari hilo andika jina langu, si lake," mkewe akasema. Kisha akamgeukia mumewe na kumkabidhi ndoo. "Wiki sita hizo, maji ni yako."

"Na watu wakiniona?"

"Waeleze ulivyosafisha."

Akaenda. Safari ya nne, bega likiwaka moto na nusu ya maji ikiwa imemwagikia suruali, alimkuta mkewe amechutama kwenye ukingo wa maua, akifunua jani moja moja.

"Kuna aliyepona?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo shamba lile halikuwahi kuisikia kwake.

"Mmoja. Simama hapo hapo, usimsogelee."