Ngome ya Shilingi Moja kwa Mwaka

Bibi niliyemuoa alinigharimu mbuzi kumi na mbili, chupa moja ya maji ya bahari, na shilingi mia nne za Kenya nilizolipa kwa safari mbili kwa sababu ya ubahili wangu. Nimehesabu mara mbili, inatoka vilevile.

Mwanzoni mbuzi zilikuwa kumi na nne. Aliyezitaja ni baba yake, mwinjilisti huko Kalunguta, kati ya Butembo na Beni. Mimi nilikuwa na nane. Ilikuwa wakati wa vita, njia ilikuwa na bariere nyingi za askari kuliko madaraja, na mbuzi aliyepita bariere tatu alifika akiwa nusu mbuzi. Nikamweleza muzee hayo yote. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema zilikuwa kumi na nne mbele nianze kuongea na zimebaki kumi na nne.

Ndipo tajiri wangu wa Butembo akanituma Mombasa. Mabalo yake, marobota ya nguo, yalikuwa yanangoja bandarini, na alitaka mutu wa kuyahesabu mara mbili. Alinijua. Nilipokwenda kuaga Kalunguta, muzee akaniambia, "Ukifika kweli kwa bahari, uniletee habari ya ule muji. Yote. Nyuma tutaongea mbuzi."

Tulivuka mpaka, tukapita Uganda, tukalala juu ya lori siku ambazo mugongo wangu bado unazihesabu. Bandarini karatasi ya balo moja ilikosekana, nikaambiwa ningoje mpaka kesho. Basi nikapata siku nzima ya kuona muji wa zamani.

Musinicheke. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuonja bahari. Kwetu wakati ule kijiko cha chumvi kilikuwa na cheo, na hapa chumvi ilikuwa imelala wazi mpaka mwisho wa macho, bila bariere, bila hata mutu mmoja wa kuuliza ushuru. Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja aliyekuwa anachoma mihogo akaniuliza kama ninaumwa. Nikajaza chupa.

Kisha nikaingia vichochoro. Ni vyembamba hivi kwamba watu wawili wenye matumbo wanapaswa kupatana kwanza nani apite. Milango imechongwa maua kutoka juu mpaka chini, mingine ina misumari mikubwa ya shaba. Nilisimama mbele ya mulango mumoja kuhesabu misumari, mara ya pili nikapata musumari mumoja zaidi, nikaanza upya, mpaka mwenye nyumba akatoka kuniuliza kama ninataka kuununua. Nikauliza bei, kwa heshima tu.

Mwisho wa vichochoro, juu ya maji, kuna ngome ya mawe ya matumbawe, kuta zake nene kama nyumba yetu nzima. Mulangoni alikaa muongozi, mwembamba, kofia nyeupe. Kunieleza ngome yote alitaka shilingi mia nne.

"Iko na miaka ngapi?" nikamuuliza.

"Mia nne."

"Donc, basi, ni shilingi moja kwa mwaka. Unipe ya mia."

Akanitazama, akasema Kiswahili changu kimetoka bara kwa miguu, tena bila viatu. Nikamwambia chake kimevaa viatu vizuri sana, ndiyo maana hakijafika Butembo. Alicheka mpaka kofia ikateleza, akakubali.

Alikuwa muuzaji wa haki. Kwa mia yangu alinipa Wareno wakichonga mwamba, mizinga ikipandishwa, sultani kijana aliyewageuka Wareno akaichukua ngome. Juu yake akaniongeza miaka mitano, matabishi, kama muuza maharagwe anavyokutilia konzi moja juu ya kipimo. Katika matabishi hiyo wakafika Waarabu wa Oman, wakaizunguka ngome. Mwaka wa kwanza chakula kikapungua, wa pili ugonjwa ukaingia. Mwaka wa tatu, muongozi akanyamaza.

"Na nyuma?"

"Nyuma ni shilingi mia tatu."

Nikamuuliza kama nitalipa mia tatu ili kujua tu mulango ulifunguka ama hapana. Akajibu kwamba mlango umo ndani ya mia tatu, hauuzwi peke yake. Nikajiona mujanja, nikaondoka.

Kalunguta muzee alionja chupa, akatema, akaonja tena kuhakikisha. Mama mukwe akachukua iliyobaki akapikia sombe, majani ya muhogo, kwa hiyo ushahidi uliliwa. Nikaanza kueleza. Jikoni binti yao alikuwa anatwanga, lakini nilipofika kwa Waarabu kinu kikanyamaza. Nikafika mwaka wa tatu.

"Na nyuma?" muzee akauliza.

Kama ningesema sijui, ni kumi na nne. Nikatazama mulango wa jikoni, na kinywa kikaenda chenyewe. Nikasema kapteni wa ngome alikuwa na binti. Kijana mumoja wa Oman alimuona juu ya ukuta, akatuma wazee. Waliongea siku tatu kupitia tundu la muzinga, wakapatana, mulango ukafunguliwa, wote wakala pamoja, vita vikaishia hapo.

"Mbuzi ngapi?"

"Nane."

"Ule kapteni alikuwa na njala. Miye nimekula asubui."

Jikoni mutu akacheka. Nilikijua kicheko kile. Lakini muzee alikuwa anapangusa macho. Alisema siku nyingi hajasikia vita vilivyoisha kwa batu kukaa chini na kuongea, na habari ya namna hiyo haiwezi kuwa ya bure. "Kwa zile kumi na nne natoa mbili juu ya ile ngome. Ukiongeza neno moja, zinarudi." Sikuongeza neno.

Nilioa. Muzee akaihubiri ngome yangu Kalunguta yote mpaka Bungulu, kule Beni. Familia mbili zilizogombania mupaka wa shamba zilipatana, eti kama kapteni.

Mwaka uliofuata nilirudi bandarini. Muongozi akanipokea, "Karibu, wewe wa miaka mia." Nikamupa mia tatu bila kupunguza, akaniuliza kama niko mugonjwa. Nikamuuliza habari ya binti wa kapteni.

"Binti gani?"

Waliofungiwa walikufa mumoja mumoja, mpaka waliobaki wakahesabika kwa vidole, na ngome ikachukuliwa. Siku chache baadaye meli za kuwasaidia zikafika, zikaona bendera ya wengine, zikageuka. Nilikaa juu ya muzinga, nikazihesabu siku hizo mara mbili.

Sasa njia imefunguka kidogo, na muzee amepata karatasi za safari. Anataka kuona ule mulango na kusalimia kaburi la bibi-arusi. Tunaondoka Jumatatu. Binti yake, niliyemwambia yote, anacheka tangu juma lililopita, anasema nimurudishie baba mbuzi zake mbili na kumwambia kweli mbele tupande gari. Nami naona muongozi, nikimulipa, anaweza kuiruka ile miaka mitatu ya vita mbele ya muzee, na kwa bei yake ya zamani ni shilingi tatu tu. Nyinyi wenye wakwe, munishauri: nilipe mbuzi, ama nilipe shilingi?