Debe la Siméon

Keremkerem wanapofika kijijini Mutwanga, chini ya mlima, mvua za Oktoba zikiwa zimekolea, Kyakimwa huacha kupepeta maharagwe na kutazama juu. Ndege wale wamependeza hadi inaudhi: mgongo wa rangi ya matofali, koo la manjano, tumbo la buluu, na mstari mweusi machoni utadhani wamejipaka wanja. Padri aliwahi kusema wanatoka Ulaya. Siméon, mumewe, alijibu kwamba basi warudi kwao wakale nyuki wa huko.

Maana Siméon alikuwa mfuga nyuki, na hakuna aliyewachukia ndege wale kama yeye. Keremkerem humdaka nyuki hewani, hutua tawini, humgongagonga na kumsugua mpaka mwiba utoke, ndipo anammeza. Siméon akiona hivyo damu ilimchemka. Aliwarushia mawe, akashika debe tupu akalipiga kutwa nzima, majirani wakaziba masikio.

Mwaka wa 1964 waasi walipoingia, watu wote walikimbilia mlimani. Siméon alikataa kuacha mizinga yake, akamwambia mkewe atangulie na watoto. Kyakimwa alitangulia. Majuma yakapita bila habari, na wengine wakaanza kumpa pole. Pole zile alizikataa. Hata hivyo usingizi ulimpaa.

Asubuhi moja aliona keremkerem wamejazana juu ya bonde la pili kutoka kijijini, wakizunguka na kushuka, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mzinga. Pale wanapojazana hivyo pana nyuki, na nyuki wale lazima kuna mtu aliyewahamisha. Aliwaacha watoto kwa dada yake, akashuka mbio. Hajafika mbali, akasikia debe.

Alifurahi, na papo hapo akaingiwa na hofu. Waasi walikuwa barabarani, chini tu, na mtu mzima na akili zake anapiga debe! Alikimbia huku akilia na kumtukana. Alimkuta amekonda, ndevu zimemjaa usoni, mizinga yake imefichwa vichakani, naye amekodoa macho juu.

"Acha ile debe, baba ya batoto," alimwambia. "Unataka bakuue juu ya ndege?"

"Mais lakini nyuki inaisha, Kyakimwa. Nifanye namna gani?"

Alimnyang'anya debe, akalikalia. Wakakaa hivyo, ndege wakila nyuki watakavyo, naye akamweleza kwamba ndege hao ndio waliomwonyesha alipo, na Siméon akamshika mkono. Tangu siku ile hakuwarushia tena hata jiwe, ingawa debe hakuliacha.

Siku hizi Siméon amelala makaburini kwa Wakatoliki, na mizinga imeoza. Kyakimwa anamkumbuka sana, hafichi. Keremkerem wakija, Kyakimwa hutoa lile debe lenye kutu, akalipiga kidogo. Wajukuu humwambia hakuna nyuki wa kulinda tena. Anajua. Huliweka chini, akageukia bonde la pili, akasikiliza.