Bibi aliomba bomba, familia ikaamua kumjengea msonge wa "zamani"

Wakuu, habari za mihangaiko.

Hili jambo nimekaa nalo tangu Agosti. Leo nalitoa lilivyo, bila kuongeza chumvi, maana lenyewe lina chumvi ya kutosha. Majina nimebadilisha. Ndugu zangu mliomo humu mnasoma kimya kimya, mtajitambua.

Humu jukwaani haipiti wiki bila mtu kufungua uzi wa "zamani raha". Watoto walikuwa na adabu, chakula kilikuwa na ladha, magonjwa hayakuwepo. Nikiuliza raha hiyo ilikuwa ya nani, naambiwa chuo kimeniharibu.

Sasa someni.

Bibi yangu, tumwite Bibi Kalunde, ameshavuka themanini. Anaishi kijijini, nje kidogo ya Igunga. Utoto wake wote ulipita wakati wa Mwingereza. Miguu imeanza kugoma, lakini mdomo uko vizuri sana.

Mwaka huu aliomba kitu kimoja tu kwa wanawe. Bomba la maji uani.

Bomba la mradi limeshafika kijijini. Liko shuleni, liko kwa mwenyekiti, liko hata kwa jirani anayefuata. Kwa Bibi bado ni kuchimba mtaro na kununua mpira na koki. Maji ya jirani anachota siku mbili tatu, kisha anaona haya, anarudi kwenye kisima cha bondeni, ng'ambo ya mbuga. Kisima kile kile alichochota akiwa mtoto.

Ombi likapelekwa kwenye group la familia.

Baba Mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi, mstaafu mwenye nyumba nzuri Dar, akajibu kwa ujumbe mrefu kama hotuba ya bajeti. Kwamba tumesahau asili. Kwamba watoto wetu hawajui walikotoka. Kwamba badala ya kukimbilia mabomba, tumjengee Mama msonge halisi wa udongo na nyasi, kama ule aliokulia, na pembeni tuwashe moto wa wanaume, wazee wasimulie. Akaongeza kwamba njia ya zamani ya misafara ilipita maeneo hayo, kwa hiyo hata watalii wangeweza kuja.

Njia ya misafara, wakuu. Ile ambayo mababu zetu walibeba mabegani pembe za ndovu za watu wengine. Hiyo ndiyo anaitafutia watalii.

Group likalipuka kwa vidole gumba na mioto.

Nikauliza, na bomba je?

Akajibu: "Bomba lipo tu, mwakani."

Kwa taarifa yenu, Baba Mkubwa amezaliwa bendera ya Mwingereza imeshashushwa. Hiyo zamani anayoililia hajawahi kuikanyaga.

Agosti tukakusanyika kijijini. Watu wa Dar walishuka na katoni za maji ya chupa, tayari kwa maisha ya asili.

Mgeni rasmi alikuwa Babu Maganga, mdogo wake Bibi, mstaafu wa reli anayeishi Tabora mjini, mtaa wa Cheyo. Yeye na Bibi ni tumbo moja, boma moja, utoto mmoja. Tofauti ni kwamba yeye ndiye redio ya familia. Ukimgusa tu anaanza: michembe ya viazi vikavu kwa karanga, asali ya porini, kuchunga ng'ombe na kugombania matunda ya mitonga, shule ya misheni na mwalimu aliyeandika kwa mwandiko kama wa mashine.

"Maisha yalikuwa mepesi," akasema. "Hatukujua shida."

Nikamuuliza kuhusu kodi ya kichwa. Maana yeye mwenyewe aliwahi kunisimulia kwamba karani wa kodi akija, baba yao alikuwa anahamia porini na blanketi lake.

"Alikuwa anakwenda kuangalia mizinga ya nyuki, shemeji," akasema, na watu wakacheka.

Ananiita shemeji kwa sababu kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani. Ndiyo leseni yangu ya kuropoka. Bila utani ningekuwa nimeshafukuzwa kwenye ukoo.

Jioni hiyo nilimkuta Bibi jikoni peke yake akimenya karanga. Nikamuuliza kama huo msonge anautaka.

"Mume wangu, kwenye msonge nimelala miaka yote ya utoto wangu. Nge walikuwa wanadondoka kutoka kwenye nyasi kama mvua. Nautakia nini?"

Nikamwambia basi awaambie wanawe.

Akanitazama kama mtu aliyelipiwa ada bure. "Mtoto akikuletea zawadi, unamwambia amekosea?"

Hapo ndipo nilipoelewa hali ilivyo. Zawadi ikishapokelewa, kwetu hakuna cha mwakani. Wakishajenga wataona wamemaliza deni kwa mama yao, na yeye atabaki na bonde lake mpaka miguu igome kabisa.

Kesho yake asubuhi fundi akaja. Mzee mmoja mwembamba, walimtafuta vijiji vitatu, maana mafundi wa misonge sasa wanajenga fremu za maduka. Akapigilia vigingi, akafunga kamba, akachora duara. Baba Mkubwa anarekodi video.

Kisha fundi akauliza swali la kifundi kabisa: maji ya kukanda udongo yako wapi? Si chini ya mapipa mawili.

Watu wakageukia katoni za maji ya chupa.

Baba Mkubwa akasema tuite boza la maji kutoka Igunga mjini. Mimi, kwa leseni yangu, nikauliza kama wakati wa Mwingereza waliagiza maboza. Shangazi mmoja akanifinya.

Babu Maganga akaja kuokoa jahazi. Akaeleza kwa utulivu kwamba enzi zao maji hayakuwa tatizo hata kidogo.

"Maji yalikuwepo tu," akasema. "Kila asubuhi ukiamka, mtungi umejaa."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua mchele. Hakunyanyua kichwa.

"Nani alikuwa anaujaza, Maganga?"

Babu akacheka. "Si ulikuwa umejaa tu, dada."

"Ulikuwa unajaa wenyewe?"

"Mama, labda."

"Mama mgongo ulimshinda tangu alipokuzaa wewe."

Wakuu, yule mzee amekula chumvi miaka yote hiyo, na nilimwona kwa macho yangu akilitafuta jibu. Hakuwa anadanganya. Hakuwahi kujiuliza. Kwake mtungi uliojaa ulikuwa kama jua, linachomoza tu.

Bibi akaendelea kwa sauti ile ile ya kuchambua mchele. Kwamba jogoo wa kwanza akiwika yeye yuko bondeni, anazoa kwa kata tope na maji, anasubiri yatulie, anajaza, anarudi, anamimina, anakwenda tena. Kwamba wote wawili waliandikishwa shule ya misheni siku moja.

"Nikifika, mwalimu ameshafuta ubao. Wewe umekaa mbele, umenawa uso kwa maji niliyoleta. Darasa la pili akaniambia nisije tena, nachelewa. Nikaacha. Mtungi haukuacha."

Video bado inarekodi.

Nilitaka kumcheka Babu, na ndiyo ilikuwa hulka yangu siku zote. Lakini asubuhi ile nilioga maji ya moto ndoo nzima. Niliikuta bafuni, nikaoga. Mimi, mtaalamu wa kuhoji kila kitu, sikuhoji ile ndoo ilifikaje.

Babu Maganga akainuka. Akachukua ndoo ukutani, akashika njia ya bondeni bila kumuaga mtu.

Baba Mkubwa akamkimbilia, "Mjomba, acha, watakwenda vijana." Hakugeuka. Nikamfuata nikiwa na ndoo yangu.

Wakati wa kurudi nilijua kwa nini wanawake hubeba kichwani. Mzee aliona aibu kujitwika ndoo, akaibeba mkononi, ikawa inampiga kwenye goti na kumwagika kila hatua. Alipumzika mara nne. Watoto wa kijiji walitusindikiza wakicheka, wanawake waliokuwa wanapita wakatuuliza nani amefiwa.

Tulifika uani jua limeshakuwa kali. Suruali yake imelowa, ndoo iko nusu. Akaiweka mbele ya Bibi, akaketi chini, akahema kwanza.

"Dada, hii njia imekuwa ndefu hivi tangu lini?"

"Tangu Mwingereza," akasema Bibi.

Babu akamgeukia fundi, akamwomba afungue kamba zake. Akamwambia Baba Mkubwa kwamba hilo jembe lililokuja kuchimbia msingi likachimbe mtaro. Baba Mkubwa akataka kusema neno kuhusu asili, Babu akamsogezea ndoo kwa mguu.

Mtaro ulichimbwa siku mbili. Msonge umeahirishwa. Upo tu, mwakani.

Bomba linatoa maji mara tatu kwa wiki, tena kwa kukohoa. Sitawadanganya kwamba ni pepo. Ila Bibi hajaenda bondeni tena.

Nilichojifunza ni kidogo. Sisemi zamani ilikuwa mbaya. Bibi mwenyewe hukumbuka nyimbo za kulima na mama yake hadi machozi yanamlenga. Ila mtu akiniambia maisha yalikuwa mepesi, siku hizi namuuliza ni nani alikuwa amebeba uzito.

Haya, uwanja ni wenu. Leo kabla ya kulala, mpigieni mzee wa kike wa familia, si wa kiume, mumuulize nani alijaza mtungi. Mje mseme alivyojibu. Na wale wa "chuo kimekuharibu" karibuni pia, ila mje na ndoo.