Mabenchi Yasiyo na Mgongo

Mabenchi ya kanisa letu la Kilungu hayana mgongo. Waliolijenga waliyakaza kwenye simenti wakisema Mkristo akiegemea, husinzia. Mimi nimesinzia miaka mingi nikiwa nimekaa wima, benchi la kwanza, kando ya dirisha lenye upepo. Nilikuwa mwenyekiti wa kina mama. Upepo ule ulikuwa haki yangu.

Benchi la mwisho, karibu na mlango, lilikuwa la wenye makosa. Hatukusema mtu ameadhibiwa. Tulisema amepelekwa nyuma. Ukiwa huko huimbi na kwaya, na Meza ya Bwana inakupita. Trei ya mkate ilianzia kwetu mbele, na ikikaribia kule shemasi anaigeuza.

Msichana mmoja wa kwaya alipopata mtoto bila mume, mimi ndiye niliyempeleka nyuma. Nilimwambia ni miezi sita tu, kisha nitalipeleka jina lake kwa wazee arudishwe. Akaniuliza kwa upole, "Sawa, mwaitu. Na baba ya mtoto anakuja nyuma lini? Maana bado namsikia akiimba besi."

Mwaitu ni mama, na alilitamka kwa heshima zote. Hilo ndilo lililoniudhi. Nikapandisha sauti, kama kawaida yangu nikibanwa. Miezi sita ikaisha, nikasahau kulipeleka jina. Hapana, niseme ukweli: sikusahau. Mtoto akaota meno, akatembea, akaanza kutuimbia kutoka nyuma bila ruhusa ya mtu, na mama yake bado anapitwa na trei.

Kisha mvua ikanyesha kama haina mwenyewe, na ukuta wa mimbari ukapasuka. Fundi kutoka mjini Wote aliingiza mkono kwenye ufa mpaka kiwiko.

"Hapa mbele msikae," akasema. "Hii si mambo ya imani, ni mambo ya matofali."

Benchi langu likazungushiwa kamba ya katani. Mimbari ikabebwa hadi upande wa mlango, na kwa kuwa mabenchi hayang'oki, pasta akatangaza, "Wapendwa, tugeuke tu." Kanisa zima likageuza magoti. Waliochelewa wakawa wanaingia wakipita mbele ya pasta, wameinama kama wezi wa kuku. Na benchi la kwanza kabisa, peke yao, walikuwa msichana na mtoto wake.

Shemasi akamnong'oneza asogee nyuma.

"Niliambiwa nikae benchi hili mpaka nirudishwe," akajibu. "Na sijarudishwa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimesimama na mkoba wangu bila pa kukaa. Nafasi zilikuwa kwenye benchi lile tu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana hapo. Nikakaa. Mtoto akaanza kupekua mkoba wangu.

Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Shemasi, mtu wa mazoea, alimpa trei aliyekaa mwanzo wa benchi la kwanza. Naye alikuwa yule msichana. Hakuchukua kitu. Aliishika kwa mikono miwili, akanigeukia. "Pokea, mwaitu."

Niliona aibu kubwa. Nilikuwa nimemnyima meza karibu miaka miwili, na sasa yeye ndiye ananiandalia.

"Anza wewe," nikasema.

"Mimi bado niko nyuma."

"Nyuma ni wapi?"

Akageuka kutazama. Kule mwisho kulikuwa na ufa, nguzo za fundi na kamba ya katani.

"Ni pale ulikuwa unakaa," akasema polepole.

"Basi kula, mwanangu."

Akachukua kipande, akatafuna machozi yakimtoka, kisha akanishikia trei nami nichukue. Mtoto naye alichukua chake, akataka cha pili.

Wazee waliniita wiki hiyo, wakali, wakitaka kujua nani aliruhusu. Kwanza niliwaambia ni fundi. Hawakucheka. Wakauliza tena, ni nani aliyempa yule msichana meza. Nikawajibu kwamba wameuliza kinyume: trei ilikuwa mkononi mwake, na aliyepewa ni mimi.