Sauti Inayomjibu Dereva Hibino

Tarehe 9 Juni 2011, Hibino Shigeru alikabidhiwa leseni yake ya pili, ile ya madereva wa reli. Ya basi alikuwa nayo tangu ujana. Hapa Nagoya, Japani, basi likishapanda njia yake ya zege juu ya barabara, sheria hulihesabu kuwa treni: vigurudumu vidogo hutokeza ubavuni, hushika kingo, na dereva huachia usukani.

Aliyemfundisha kuuachia ni Okumura, mzee mkali wa maneno. "Mikono magotini, bwana! Unaukumbatia usukani kama mke wa jirani?" Na kila walipofika langoni, penye kizuizi cha kuingilia njia hiyo, Hibino alitakiwa aitazame taa inayoonyesha kama vigurudumu vimetoka, aielekezee kidole na kutamka: "Vigurudumu nje!" Okumura, nyuma ya kiti, huitikia: "Sawa!"

Miaka mingi ilipita, na Februari mwaka huu Okumura alifariki. Wiki ileile Hibino alinyoosha kidole, akatamka, na nyuma ya sikio lake mtu akaitikia: "Sawa!"

Hakushtuka sana. Kwa imani ya Kibudha, marehemu hukaa karibu na walio hai kwa siku arobaini na tisa. Ilipofika ibada ya siku ya arobaini na tisa alikwenda, akafukiza udi, akajua yamekwisha. Kesho yake sauti iliitikia tena, karibu zaidi, na ubaridi ukamgusa shingo.

Jumanne iliyopita, saa mbili asubuhi, alikuwa na abiria ishirini na sita. Kidole, tamko, "Sawa!" Akakanyaga mafuta. Kizuizi hakikuinuka. Basi lilisimama shibiri moja tu kabla ya kukigonga. Kigurudumu cha kulia kilikuwa kimekwama ndani, na taa aliyoielekezea kidole ilikuwa nyekundu. Ndipo alipotambua kwamba tangu Februari hajaitazama.

Msimamizi wake, Bi Washizu, alimwita ofisini.

"Uliiona taa?"

"Niliielekezea kidole."

"Kidole hakina jicho, Bwana Hibino. Nani alikwambia uende?"

Angeweza kusingizia usingizi. Usingizi ni onyo na mapumziko ya siku tatu, kisha angerudi juu, kwenye ile sauti, na abiria wengine mgongoni. Akiitaja sauti, huenda asipande tena kamwe.

"Okumura," alisema.

Bi Washizu aliweka kalamu chini. "Alikwambia mara moja?"

"Hajaacha."

Jumatatu saa tatu Hibino ataonana na daktari wa kampuni. Zamu yake ya asubuhi ataiendesha Bi Washizu mwenyewe.